Pawa saplai ya mashine ya kuchimba kripto: ipi ununue, ipi uiache

Mtu akitafuta mashine ya kuchimba Bitcoin, akili yote huwa kwenye kasi ya hashi (hesabu inazofanya kwa sekunde) na bei ya sarafu. Pawa saplai, kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani uwe wa kutumiwa na mashine, hununuliwa mwisho, kwa chenji iliyobaki. Hapo ndipo mambo huharibika, maana hicho ndicho kifaa kinachopitisha umeme wote wa mtambo, saa 24, bila Jumapili wala sikukuu. Kompyuta ya kawaida hupandisha matumizi kwa muda mfupi kisha ikatulia. Mashine ya kuchimba haitulii, na udhaifu wowote uliofichwa ndani ya pawa saplai utajitokeza tu.

Achana na boksi, soma lebo

Boksi litakupigia kelele "1800W". Habari za kweli ziko kwenye lebo iliyobandikwa ubavuni mwa chuma. Tafuta mstari wa volti 12, angalia ampea zake, zidisha kwa 12. Ikiandikwa ampea 100, umenunua wati 1,200, hata boksi liseme nini. Kadi za grafiki na mashine za ASIC (zilizoundwa kwa kuchimba tu) kama Antminer S9 ya kampuni ya Bitmain hula karibu umeme wote kwenye volti 12, kwa hiyo wati zilizojazwa kwenye volti 5 na volti 3.3 ni za kupambia hesabu.

Kisha angalia volti ya ukutani kwako, kwa sababu namba hubadilika kulingana nayo. APW3++ ya Bitmain, iliyokuwa mwenza wa S9, hutoa wati 1,600 kwenye volti 220 lakini wati 1,200 tu kwenye volti 110. S9 yenyewe hula karibu wati 1,350. Ukiwa na volti 110, pawa saplai hiyo halisi, mpya, isiyo na kasoro yoyote, haiwezi kuibeba mashine iliyotengenezewa. Antminer S19 ndiyo haina mjadala: inataka volti 200 hadi 240, basi.

Ukishapata wati za kweli, acha nafasi. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kutoitumikisha pawa saplai zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake kwa kazi isiyokatika. Mzigo wa wati 1,300 unahitaji pawa saplai ya wati 1,600 na kidogo. Anayekwambia 1,300 kwa 1,300 inatosha hajawahi kuishi na mashine hizi wakati wa joto.

Kuhusu nembo ya 80 PLUS, inayoonyesha sehemu ya umeme wa ukutani inayofika kwenye mashine bila kupotea (ufanisi): kwenye volti 115, mzigo ukiwa nusu, Bronze hufikisha ufanisi wa asilimia 85, Gold 90, Platinum 92 na Titanium 94. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Kwa mzigo wa wati 1,300, yenye asilimia 85 huvuta ukutani karibu wati 1,530, na yenye asilimia 92 huvuta 1,413. Wati 116 hizo ni karibu uniti 2.8 kwa siku, zaidi ya uniti 1,000 kwa mwaka, na zote zinageuka joto ndani ya chumba kilekile unachohangaika kukipoza. Ila vipimo vya 80 PLUS hufanywa kwenye nyuzijoto 23, na chumba cha kuchimbia hakina habari na nyuzi 23. Zaidi ya hapo, nembo ile hupima ufanisi tu. Si cheti cha usalama, na wauzaji wanajua wateja wengi hudhani ndicho.

Nafasi ya kwanza: ya mtengenezaji wa mashine yenyewe

Kwa ASIC sioni mshindani. Mashine mpya huja na pawa saplai imefungwa ubavuni kabisa, na bodi ya udhibiti huiamuru ipandishe au ishushe volti kadiri bodi za hashi (zenye chipu zinazochimba) zinavyohitaji. APW12 ya jamii ya S19, kwa mfano, hutoa kati ya volti 12 na 15. Ndiyo maana mtu anayejaribu kuibadilisha kwa pawa saplai ya kompyuta anapoteza muda wake, na pengine bodi pia. Ikiharibika, tafuta ileile, ukisoma namba ya modeli mpaka herufi ya mwisho, kwani matoleo yanafanana kwa sura na si kwa kazi. Ubaya wake ni kelele. Feni zile hazikuundwa kwa ajili ya nyumba wanamolala watu.

Nafasi ya pili: ATX ya kampuni inayoeleweka

ATX ni pawa saplai ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Hii ni ya wanaochimba kwa kadi za grafiki. Seasonic, Corsair na Super Flower wana modeli za Gold na Platinum zenye kinga zote muhimu: volti ikizidi, mkondo ukizidi, joto likipanda au shoti ikitokea, inajizima yenyewe. Kinga hizo ziandikwe kwenye maelezo ya bidhaa. Zisipotajwa, chukulia hazipo.

Lakini kwenye ATX, sehemu inayoungua mara nyingi ni waya na plagi zake, huku pawa saplai yenyewe ikiwa haina tatizo. Plagi ya PCIe (inayolisha kadi ya grafiki) ya pini 6 imepangiwa wati 75, ya pini 8 wati 150. Plagi ya SATA (ya kulisha diski) ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Sasa raiza ya kadi (kipande kinachounganisha kadi na bodi kuu kwa waya) inaweza kuvuta hadi wati 75, na madukani zimejaa adapta za kutoa umeme wa SATA kulisha raiza. Wati 75 kwenye plagi ya wati 54, usiku kucha: plastiki inaanza kuwa njano, inakuwa kahawia, inalainika, pini zinasogea, mguso unazidi kulegea, joto linazidi. Adapta hizo zitupe hata ukipewa bure. Raiza ilishwe kwa waya wa PCIe uliotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai.

Waya mmoja wenye vichwa viwili vya pini 8 nao usiupe kadi nzito. Tumia waya mbili tofauti. Na kama pawa saplai ina waya za kuchomoa, usichanganye za kampuni moja na nyingine, hata zikiingia vizuri. Upande wa kadi una mpangilio mmoja kwa wote, ila upande wa pawa saplai kila kampuni ina mpangilio wake. Ukikosea, volti 12 inakwenda pasipotakiwa na kadi inakufa papo hapo.

Nafasi ya tatu: ya seva, mtumba, na bodi ya kugawia

Wapo watakaonipinga kwa kuiweka hapa, na wana hoja. Pawa saplai za seva kama HP DPS-1200FB zimejengwa kwa kazi ya saa 24, baadhi ni Platinum, na kwa mtumba huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya ATX yenye nguvu hiyohiyo. Hiyo ya HP hutoa wati 1,200 kwenye volti 200 na kuendelea, na wati 900 kwenye volti 100 hadi 120.

Kinachoishusha ni yale yanayoizunguka. Feni yake ndogo inalia kama nyigu. Inahitaji bodi ya kugawia umeme iliyotengenezwa na mtu mwingine kabisa, na bodi hizo nyingine ni imara, nyingine viungo vyake vya risasi ya kulehemu unavitikisa kwa ukucha. Tena haitoi volti zote za bodi kuu ya kompyuta, kwa hiyo bado utahitaji ATX ndogo pembeni. Ukifika hapo, hakikisha kila kadi na raiza yake vinalishwa na pawa saplai moja.

Nafasi ya nne: kuunganisha mbili

Hufanywa na aliye na mbili ndogo na hataki kununua kubwa. Inawezekana kwa masharti. Kwenye S9, kila bodi ya hashi ina plagi tatu, na zote tatu zitoke pawa saplai moja. Usigawe bodi moja kati ya mbili. Bodi ya udhibiti iwashwe mwisho, bodi za hashi zikishapata umeme.

Za kutonunua

Zile zisizo na jina, zenye maandishi ya "mining" na wati 2,000 kwa bei ya chakula cha mchana. Iinue: transfoma na vipoza joto vina uzito, na boksi jepesi halina vitu hivyo vya kutosha. Soma namba kwenye ganda la waya. AWG ni kipimo cha unene wa waya: AWG 16 ni nene kuliko AWG 18, na ikiwa hakuna namba kabisa, irudishe rafuni.

Mtumba nao una mtego wake. Sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022, mitambo mingi ya kadi ilifunguliwa na pawa saplai zake zikaingia sokoni, baadhi zikiwa zimepikwa miaka kadhaa. Kapasita, vipande vinavyohifadhi umeme ndani ya pawa saplai, hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Kabla ya kulipa, mulika tochi ndani ya kila tundu la plagi. Tundu moja likiwa la kahawia na mengine yako safi, mwenye mali anajua kwa nini anauza. Usiifungue ukaguse ndani. Kapasita kubwa hushika volti za hatari hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Ukishaiwasha

Iache ifanye kazi saa moja, zima, chomoa ukutani, kisha pitisha kidole kwenye kila plagi. Zote zikiwa vuguvugu sawa, endelea. Moja ikiwa moto kuliko wenzake, haijashika vizuri. Ichomoe, ikague, ibadilishe.

Upande wa ukutani, S19 ya wati 3,250 huvuta ampea 14 kwenye volti 230. Kwa kanuni ileile ya asilimia 80, breka ya ampea 16 inaruhusu 12.8 tu kwa mzigo usiokatika, kwa hiyo mashine hiyo inahitaji laini yake peke yake ya ampea 20, waya wa unene unaolingana, na waya wa ardhi (earth) uliofungwa na fundi wa umeme. Eksitensheni isihusike popote.