Siku kumi na bunduki ya London ya mitutu miwili: uzoefu wangu

Niseme mapema ili nisije nikachekwa: si yangu, na kwa kipato changu haitakuwa yangu. Mimi ni mwindaji bingwa, kazi yangu ni kuongoza wageni kwenye vitalu vya uwindaji. Septemba iliyopita mteja mmoja alitua kambini kwetu Rungwa na raifoli ya mitutu miwili ya risasi nene za .470 Nitro Express, iliyotengenezwa kwa mkono London. Kiwanda sitakitaja. Nimeibeba, nimeipiga, nimeifuta mafuta usiku kwa mwanga wa tochi, na bega langu lina ushahidi.

Mteja alipofungua kasha lake la ngozi kambi nzima ilisogea, mpaka mpishi aliacha sufuria. Babu, mfuata nyayo wetu, aliitazama kwa muda mrefu mikono ikiwa nyuma, kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, hii inapiga au inavaliwa?"

Nilimwelewa. Upande wa kushoto alichongwa nyati amesimama kwenye nyasi, na kila unyasi unauona peke yake. Kulia kuna tembo wa dhahabu iliyopachikwa ndani ya chuma. Pembeni yao maua yanajikunja na kufuatana mpaka kwenye kizingo cha triga. Mimi nimekulia Pangani, milango ya nakshi nimeiona tangu utoto, kwa hiyo sishtuki haraka. Lakini mlango ni mbao. Huyu fundi alichonga chuma, kwa mistari mingine myembamba kuliko unywele. Kilichonimaliza kabisa ni skrubu: mifereji yake yote imelala uelekeo mmoja, sambamba na mtutu, kana kwamba zimeambiwa zigeuke kibla.

Hata hivyo, baada ya siku kumi naamini kazi kubwa kwenye bunduki hii ni ile usiyoiona. Mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu hailengi mahali pamoja yenyewe. Fundi huiunganisha, hupiga risasi, hutazama karatasi ya shabaha, huyeyusha tena lehemu ya kuunganishia, husogeza kabari ndogo mdomoni mwa mitutu, hupiga tena. Huendelea hivyo mpaka risasi za mtutu wa kulia na wa kushoto ziangukie karibu pamoja kwenye umbali uliochaguliwa, mara nyingi mita hamsini au sitini hivi. Hapo ndipo fedha nyingi zinakokwenda. Tembo wa dhahabu anaongeza tu. Mpya ya namna hii kutoka London huvuka pauni 100,000, na unasubiri miaka.

Tatizo ni kwamba mitutu huoanishwa kwa aina moja ya risasi. Mashirika mengi ya ndege hayakuruhusu kuvuka kilo 5 za risasi, na mteja wetu alikuja na maboksi mawili ya watengenezaji tofauti. Boksi la kwanza, matundu mawili kwenye karatasi ungeyafunika kwa kifuniko cha chupa. La pili, yaliachana shibiri nzima. Bunduki ileile, mtu yuleyule, asubuhi ileile. Tukalifunga boksi la pili tukalisahau. Na kila risasi moja ni zaidi ya dola 10, kwa hiyo hata kujizoeza kunauma.

Sasa aibu yangu. Mteja, kwa ukarimu, aliniambia nijaribu. Bunduki yangu ni CZ 550 ya risasi za .416 Rigby niliyoinunua mkononi mwa mtu, ina triga moja na bolti, kile chuma unachovuta kwa mkono kuingiza risasi nyingine. Hii ina triga mbili: ya mbele kwa mtutu wa kulia, ya nyuma kwa wa kushoto. Nikaweka kidole cha shahada mbele na, kwa ujuaji, cha kati nikakiegesha nyuma ili niwe tayari. Nilipofyatua, teke la kwanza likakisukuma kidole cha pili. Zikatoka zote mbili kwa pamoja. Kila moja ya risasi hizo ina uzito wa gramu 32. Nilijikuta nimekaa chini, kofia iko nyuma yangu, na Babu anacheka mpaka anashika mti. Kosa halikuwa la bunduki hata kidogo. Lakini kama umezoea bolti, tumia kidole kimoja, kihamishe.

Siku ya nne ndipo niliacha kuidharau. Tulikuwa tumefuata madume matatu ya nyati, yale mazee yenye matope yaliyokauka mgongoni, tangu alfajiri. Saa nne hivi tukayakuta kwenye kichaka, hatua arobaini na tano. Mteja aliinua, na niligundua hakutafuta shabaha: ilipanda begani ikajipanga yenyewe, maana kitako kilikatwa kwa vipimo vya mwili wake, kama kanzu ya fundi. Wa kulia ukalia. Nyati akageuka. Wa kushoto ukalia kabla mimi sijaiweka yangu vizuri begani. Kwa bolti, hata uwe na mkono mwepesi vipi, lazima ushike mpini, uvute, usukume, ulenge upya. Yeye alihamisha kidole tu. Nyati alikwenda hatua kama thelathini, akalala, tukasikia ule mlio wake wa mwisho.

Halafu ndani yake kuna mitambo miwili ya kufyatulia inayojitegemea. Mmoja ukigoma, una mwingine mkononi. Ukiwa na nyati aliyejeruhiwa kwenye nyasi ndefu, jambo hilo lina thamani kuliko dhahabu yote iliyopachikwa pale.

Lakini siku ya sita pofu dume alisimama wazi, mita mia na themanini. Mteja ana umri wa kutosha, na pale hakuna darubini, ni alama za kulengea kwa macho tu. Aliishusha bunduki mwenyewe, akaazima raifoli ya .375 ya kambi yenye darubini. Zaidi ya mita mia, mzigo huu wa karibu kilo tano ni wa kutazama.

Na kuitunza! Miiba ya Rungwa haijui bei ya kitu. Siku niliyoibeba kumpumzisha mteja nilitembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai, macho yangu yako kwenye kitako badala ya kwenye nyayo. Hilo ni kosa kubwa kwa kazi yangu. Jioni moja, mbung'o wametuchosha, hakuna aliyekumbuka kuifuta. Asubuhi, juu ya nyasi za yule nyati wa kuchongwa, kulikuwa na alama ya dole gumba, mistari yote inasomeka, kwa kutu. Jasho la mtu mmoja, usiku mmoja. Mteja alikaa na kitambaa na mafuta nusu saa bila kunywa chai. Yangu ikipata kutu naisugua, nasonga mbele.

Wapo watakaosema mabwana wa zamani waliwinda na hizi hizi. Ni kweli, Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1909 alikuwa na ya mitutu miwili ya Holland & Holland ya London, zawadi ya marafiki zake Waingereza. Lakini Bell, yule mwindaji wa tembo wa Karamoja, aliangusha tembo wengi kwa Rigby ndogo ya .275 yenye bolti, isiyo na mbwembwe. Alijua pa kupiga.

Kwa hiyo ungeniuliza ninunue ipi, ningesema mitutu miwili ndiyo, kwa nyati na karibu, ila bila tembo wa dhahabu. Wajerumani, Heym na Krieghoff, wanatengeneza za kazi kwa sehemu ndogo ya bei ya London. Ukinunua iliyotumika, dai ile karatasi ya shabaha na jina la risasi iliyooanishiwa. Kama muuzaji hana, jaribu mwenyewe mitutu yote miwili kabla hujatoa hata shilingi.

Juzi mteja ameniandikia. Ameagiza nyingine, ya .500, safari hii upande wa kushoto atakaa simba. Nilipomwambia Babu aliwaza kidogo, akauliza: "Na kitambaa atakuja nacho mwenyewe, au tumtafutie?"