Boksi la RAID nalipatia nyota nne, waliotuuzia siwapi hata moja

Nilisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, basi naandika nazo hivyo hivyo.

Tuna studio ya video hapa Dar es Salaam: harusi, sendofu, kichen pati, na mara moja moja kazi za mashirika. Kwa miaka mingi kazi zetu zilikaa kwenye diski za nje zilizojaa droo nzima, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina la bibi harusi. Tukasema yatosha, tukanunua boksi la kuhifadhia la kufungwa kwenye raki, lenye trei 12 za diski mbele na kontrola ya RAID ndani, yaani kadi inayoziunganisha diski ziwe safu moja, ili diski ikifa kazi zisife nayo. Sifa zake nyingine ziko kwa mtengenezaji, atakayezitaka atazikuta huko. Kampuni iliyotuuzia siitaji jina. Wakisoma watajijua.

Nianze na mashine, maana sitaki ionewe kwa makosa ya watu. Kulifunga boksi lile ilikuwa raha tupu. Reli zinaingia kwenye matundu ya mraba ya raki bila bisibisi, unasukuma mpaka usikie zimelia "tak", kisha watu wawili mnalinyanyua boksi tupu na kulitelezesha ndani. Nasema tupu kwa sababu nimeshaona watu wakilinyanyua na diski zote zikiwa ndani, wanaumia migongo na diski wanazitikisa. Diski zinakuja mwisho, moja moja, na kila trei inajifunga kwa komeo lake.

Upungufu wa waliotuuzia ulianza kujitokeza hapo hapo, ila siku ile niliuchukulia poa. Kijana wa mauzo alikuwa ameandika RAID 5 kwenye makaratasi, "ili mpate nafasi zaidi". Nilikataa. RAID 5 inavumilia diski moja tu kufa. Ya pili ikifa kabla ya ile ya kwanza kujengwa upya, yaani data yake kuandikwa tena kwenye diski mpya, umekwisha. Na kujenga upya si jambo la dakika: diski ya terabaiti 8, hata ikiandikwa megabaiti 180 kwa sekunde bila kupumzika, inakula zaidi ya saa 12, na muda wote huo diski zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho. Zetu zote 12 zilitoka kwenye katoni moja, namba zake zinafuatana, umri mmoja, joto moja. Ikichoka moja, nani atakuapia kwamba jirani yake ni mzima? Nikataka RAID 6, inayovumilia mbili kufa, na diski ya 12 ikae kando kama akiba. Tulipoteza nafasi, ndiyo. Nilipoteza kwa moyo mweupe.

Nikamuuliza pia kama diski zile zinaandika kwa mtindo wa kawaida au ule wa mistari ya data kulaliana kama vigae vya paa. Mwaka 2020 watengenezaji wakubwa walikiri kwamba baadhi ya diski walizokuwa wakiuza ni za mtindo wa vigae na hawakuwa wamewaambia wateja. Diski hizo ukizitia kwenye safu ya RAID, siku ya kujenga upya zinajikokota mno, na nyingine kontrola inachoka kuzisubiri na kuzitupa nje. Kijana wa mauzo hakujua ninazungumzia nini. Nilitafuta namba ya modeli mwenyewe, nikakuta ziko salama.

Basi ikaenda vizuri. Wahariri wanne wanafungua kazi kwa pamoja, hakuna anayenung'unika. Siku zile ungeniuliza, ningewapa nyota tano wote, mashine na waliotuuzia.

Kisha kontrola ikaanza kulegea. Mafaili yanafunguka kwa kusuasua, nakala ya usiku inayokwenda kwenye seva ya pili ikaanza kuishia katikati. Nikapiga simu kwao, nikaambiwa nizime niwashe. Nikapiga tena, wakasema watatuma mtu. Kabla mtu hajaja, asubuhi moja boksi likapiga alamu, mlio mwembamba unaochoma masikio, na taa za trei zote zikageuka kutoka kijani kuwa rangi ya chungwa. Kadi ya kontrola imekufa. Harusi ya Jumamosi iliyopita ilikuwa humo, na kwa kuwa nakala ya usiku ilikwamia njiani, haikuwa kwingine kokote. Kadi za kamera zilikuwa zimeshatoka na wapiga picha kwenda kazi nyingine Bagamoyo.

Waranti ilikuwa hai, kwa hiyo walileta kadi mpya na fundi wao. Hapa ndipo palipo na kisa changu, mengine yote ni njia ya kufika hapa.

Kwa wasiojua: kontrola ya RAID ikipangilia diski, ramani ya mpangilio inaandikwa kwenye diski zenyewe, haikai kwenye kadi peke yake. Ukiweka kadi mpya ya aina ile ile, inazikagua diski, inakuta ramani ambayo haikuiandika yenyewe, inaziita za kigeni, na inakuuliza: niingize mpangilio huu, au niufute? Ukiingiza, safu inarudi na kila kilichokuwamo. Ukifuta, ramani imekwenda. Ukiunda safu mpya juu yake na kuiacha ijisafishe, data nayo imekwenda. Ni swali moja tu, na jibu sahihi limo kwenye mwongozo wa kila mtengenezaji ninayemfahamu.

Fundi akawasha, ukurasa ule ukatokea, akasema bila hata kugeuka: "Hizi zimeshakuwa za kigeni, hazisomeki tena. Tunafuta, tunaunda upya, dakika kumi tu." Na akapeleka mshale kwenye kufuta.

Nikamwambia, "Kaka, subiri. Usibonyeze hapo. Chagua kuingiza."

Hakunijibu mimi. Alimgeukia kijana wetu wa mazoezi, mtoto aliyekuja kwetu juzi kutoka chuo, akamwuliza: "Huyu mama ndiye anayehusika na mitambo, au yupo kwa ajili ya kusaini?" Mtoto wa watu akainamisha kichwa kwa aibu. Ndipo fundi akaniangalia: "Mama, haya mambo ya kitaalamu tuachie sisi." Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha Enter. Nakiona mpaka leo, kidole cha shahada, kucha imeingia grisi, kimetulia pale kama mali iliyomo humo ni ya baba yake.

Nilichomoa waya wa kibodi. Sikusema neno, nilichomoa tu.

Akampigia bosi wake, akaweka spika ili nisikie. Bosi akasema hivi, nami nimeyashika maneno yake: "Data ni jukumu la mteja. Sisi kazi yetu ni kurudisha kifaa kifanye kazi. Kama hataki, asaini kwamba amekataa huduma." Nikaletewa fomu. Nikasaini, na mahali pa maelezo nikaandika kwa mkono: "Nimekataa data yangu kufutwa." Fundi akakusanya vifaa vyake akaondoka, hata kwaheri hakuaga.

Kifaa cha kuhifadhia data, kinauzwa na watu wanaosema data haiwahusu! Sasa mimi nilinunua nini kwao, bati na feni? RAID yenyewe, tangu David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz walipoiandikia makala pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988, imejengwa juu ya ukweli kwamba diski zitakufa na kazi lazima isife nazo. Hiyo ndiyo sababu ya kuwapo kwake. Ukiwa fundi wa RAID na hilo hulijali, kauze mabati kweli, yanafaa zaidi.

Nilirudisha waya, nikachagua kuingiza. Safu ikajitokeza. Diski moja kati ya 11 ilikuwa imetoka nje ya safu, nadhani wakati kadi ya zamani inakata roho, lakini RAID 6 haikutetereka: diski ya akiba ikajiingiza yenyewe na kuanza kujengwa. Nikafungua folda ya harusi ya Jumamosi, nikabonyeza video ya kwanza, bibi harusi anashuka kwenye gari, kaka yake anamshikia shela. Nililia, sioni haya kusema. Kama ile RAID 5 ya kijana wa mauzo ndiyo iliyokuwamo, usiku ule tungelala tukiwa hatuna diski hata moja ya kupoteza.

Mtu ataniambia, si ungerudisha kutoka kwenye seva ya pili? Ya Jumamosi haikuwamo, nimeshasema. Na hata hiyo nyingine, piga hesabu: terabaiti 40 kupitia mtandao wa gigabiti moja, ukienda vizuri unapata megabaiti 110 kwa sekunde, ni zaidi ya siku nne mchana na usiku wahariri wote wamekaa. "Dakika kumi tu", alisema.

Nilidhani yameisha. Kesho yake safu imeshapona, taa zote kijani, lakini kuandika faili ni mateso. Kazi iliyokuwa inachukua dakika inachukua robo saa. Nikaingia kwenye kurasa za kontrola, nikakuta imejiweka kwenye hali ya kuandika moja kwa moja kwenye diski, bila kutumia kumbukumbu yake ya haraka. Nikazima, nikafungua kifuniko. Waya wa betri unaning'inia pembeni ya kadi, haujachomekwa. Betri ile ndiyo inayolinda yaliyomo kwenye kumbukumbu ya kontrola umeme ukikatika. Kontrola isipoiona, haithubutu kukwambia "nimehifadhi" mpaka diski zenyewe zithibitishe. Mashine ilikuwa inajilinda, na kutulinda sisi, kwa kazi ambayo fundi wa waranti aliiacha nusu. Nikachomeka, nikasubiri betri ijae, kasi ikarudi.

Hebu nimtendee haki yule kijana. Inawezekana hakufundishwa. Wengi wa mafundi hawa wiki nzima wanafunga printa na kuvuta nyaya za kamera, siku moja wanapewa kadi ya kontrola na anwani, wanaambiwa nenda. Kosa hilo ni la kampuni, na kama ingekuwa ni kutojua tu, ningemwekea chai tukasoma mwongozo pamoja. Mimi mwenyewe haya nilijifunza kwa kusoma, hakuna aliyezaliwa anayajua. Lakini aliyeambiwa "subiri" na mwenye mali anatakiwa asubiri. Kumgeukia mtoto wa mazoezi akanijadili mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti, hilo halihitaji kozi ya mtengenezaji. Nilivyokuwa nataka kumwombea radhi kwenye aya hii, nimekumbuka kile kidole, sitaki tena.

Mashine yenyewe naikata nyota moja. Kuingiza na kufuta vimewekwa vinafuatana kwenye orodha ile ile, na onyo la kufuta ni mstari mmoja wa herufi ndogo. Jambo linaloweza kumaliza kazi za miaka lilitakiwa limlazimishe mtu kuandika neno zima kwa mkono kabla halijakubali. Kwa mengine yote, boksi hili ningelinunua tena leo. Hapana, ngoja: ningelinunua kwa mtu mwingine, hata akiwa ghali zaidi, hata ikibidi litoke Nairobi.

Na ukienda kununua, popote, mwulize muuzaji mbele ya shahidi: kontrola ikifa, fundi wako atafanya nini akikuta diski za kigeni? Mwulize kadi ya akiba iko ghalani hapa mjini au inaagizwa. Mwulize nani anachomeka na kupima betri. Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Akicheka au akimgeukia mwanamume uliyekuja naye, toka.

Wiki chache baada ya haya yote ikaja ankara kwa barua pepe. Nikadhani ni ya usafiri wa fundi. Ilikuwa imeandikwa: huduma ya urejeshaji wa data. Wanataka kulipwa kwa data niliyowazuia kuifuta! Nikawatumia picha ya ile fomu yenye maandishi yangu na saini ya fundi wao. Meneja akapiga, safari hii nimekuwa "dada yangu", anasema tumalizane kiungwana, wataniondolea nusu. Nusu ya nini? Nikamwambia aifute yote, na aniandikie barua ya kuomba radhi, iende na kwa yule mtoto wa mazoezi aliyeaibishwa bure. Barua haijaja. Ankara sijailipa na sitailipa.