Kunyanyua pua ya pikapu: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Pikapu tupu huinamisha pua kwa sababu nyuma imewekwa juu tangu kiwandani, ili bodi likijaa gari likae sawa. Kwa hiyo kabla hujaulizia bei, jiulize unabeba nini. Anayepakia machungwa Muheza kuleta Tanga mjini msimu mzima hana haja ya kunyanyua mbele. Akifanya hivyo, siku ya mzigo taa zitamulika minazi na usukani utakuwa mwepesi kupita kiasi. Huyo hela yake aipeleke kwenye springi za nyuma. Mwongozo huu ni wa mwenye bodi tupu siku nyingi, au aliyefunga bampa la chuma na winchi, pua ikazidi kuinama.

Pima kwanza. Sakafu ya zege ya kituo cha mafuta inatosha, upepo wa matairi uwe sawa, tangi nusu. Pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Ukipimia chini, tairi lililoisha litakudanganya. Mbele ikipungua milimita 45 kuliko nyuma, nyanyua 30 na uache kidogo kwa ajili ya mzigo.

Wenye tosheni ba mbele (fimbo ya chuma inayosokotwa badala ya springi), yaani Isuzu D-Max za 4x4 za toleo la kwanza na Toyota Hilux 4x4 nyingi za kabla ya 2005, wasinunue chochote. Nyanyua magurudumu, weka alama ya rangi kwenye boliti za kurekebishia, kaza mizunguko sawa kila upande, shusha, sukuma gari mbele na nyuma, pima tena. Ukikaza hadi wishiboni ya juu (mkono unaoshika gurudumu) ilale kwenye mpira wake, gari litakuwa gumu kama mkokoteni.

Kwa Hilux za matoleo ya baadaye, Vigo na Revo, ambazo springi ya koili imeizunguka shokapu, mpangilio wetu, kuanzia lililo bora, ni huu.

Ya kwanza ni springi mpya zenye kimo na ugumu unaofaa. Chapa ya Old Man Emu na nyingine huziuza kwa uzito wa mbele: bila bampa la chuma, na bampa, na bampa pamoja na winchi. Usichukue za winchi kwa gari lisilo na winchi. Pua itapanda kuliko ulivyotaka na kwenye rasta gari litarukaruka. Kama shokapu ni za zamani, badilisha palepale, maana kazi ya kufungua ni ileile.

Ya pili, na ya bei nafuu, ni spesa ya juu ya shokapu, kipande kinachowekwa juu yake kuongeza kimo. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Shokapu imeshika katikati ya wishiboni ya chini, haikushika kwenye gurudumu, kwa hiyo spesa ya milimita 20 hunyanyua pua kama 35 hadi 40. Mtu hununua ya 50 akitegemea 50, anapata karibu mara mbili yake: draivu shafti zinakaa mshazari, buti za CV (mipira inayofunika jointi za draivu shafti) zinachanika na kutema grisi, bolijointi za juu zinafika mwisho wake kila gurudumu likiingia shimoni. Usizidishe milimita 25 za spesa. Gari linalolala Raskazone, ufukweni Tanga, penye upepo wa chumvi, lifungwe spesa ya plastiki ngumu au chuma kilichopakwa rangi; aluminiamu ikikaa na boliti za chuma hutoa unga mweupe na kung'ang'ana.

Ya tatu ni shokapu za kurekebisha kimo kwa kuzungusha kola. Ni nzuri, ni ghali, na mchanga wa pwani hukwamisha nyuzi zake usipoziosha kwa maji yasiyo na chumvi.

Spesa ya kuingiza ndani ya springi tunaiweka mwisho kabisa. Lazima springi ibanwe kwa kibanio na nati ya katikati ifunguliwe. Fundi anayebana kwa waya au kamba mkimbie, springi ile ikifyatuka inaua. Hata ikifungwa salama, pua hupanda lakini shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kurefuka, na gari huhisi gumu.

Wakati wa kufunga spesa ya juu, fungua nati tatu za juu na boliti ya chini. Nati ya katikati isiguswe. Boliti zinazopita kwenye bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini, la sivyo bushi zinakaa zimesokotwa na kupasuka mapema. Geuza usukani pande zote mbili, angalia mipira ya breki na waya za ABS zisivutike. Shusha mwanga wa taa. Kaza upya baada ya kilomita 500.

Kisha alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu, haikwepeki, kwa kuwa kimo kikibadilika tairi hulika upande mmoja. Sasa, pwani hapa boliti za kurekebishia alaimenti kwenye wishiboni ya chini mara nyingi zimeshikana na bushi kwa kutu. Mwambie fundi azilegeze na kuzizungusha kabla hujanunua chochote. Zikigoma, zitakatwa, na bei ya boliti na bushi mpya iingie kwenye hesabu yako siku hiyohiyo.