Kadi 60 za nahau za Kiingereza: uzoefu wangu na darasa la nne, Mbeya

Pakiti hii niliinunua steshenari moja pale Mwanjelwa kwa shilingi 15,000, na nimeitumia muhula mzima. Mbele ya kila kadi kuna mchoro na sentensi ya Kiingereza, nyuma kuna maana kwa Kiswahili.

Uzuri wake ni hizo sentensi. Mtoto wa Mbeya akikutana na "cold feet" mwezi wa saba, baridi ikiwa imemkaba, atakwambia ni miguu iliyopoa, na ana haki. Kadi imeandika: "She wanted to sing, but she got cold feet." Hapo "but" ndiyo inayomfumbua macho: alitaka kuimba, lakini aliingiwa na woga dakika za mwisho.

Ninayoipenda kuliko zote ni "spill the beans", yaani kutoa siri, yenye mchoro wa debe la maharage yaliyomwagika. Funika nyuma ya kadi, waulize sentensi inasimulia nini, kisha waulize sisi tunasemaje. Hakosekani wa kukumbuka kumwaga mtama kwenye kuku wengi, na akishaikumbuka hiyo, ya Kiingereza haimtoki tena. Halafu waandike kwa wakati uliopita: "spilled the beans". Wengine wataandika "bean" moja, wengine watabadilisha zao kabisa waweke "maize". Waeleze kwamba kitenzi hufuata wakati, ila maharage hayaguswi. "A piece of cake" nayo ni hivyo hivyo: maana yake ni kazi rahisi kama kumsukuma mlevi, lakini ukichomeka "the" kabla ya "cake" umerudi kwenye keki ya kuliwa.

Kuna kasoro. Nyuma ya "under the weather" wameandika "chini ya hali ya hewa"! Hilo ni kosa kubwa kwenye kifaa cha watoto. Nimebandika karatasi yenye maneno "kutojisikia vizuri". "Kick the bucket" niliitoa kabisa, kwa sababu ni lugha ya mzaha kuhusu kufa, na mtoto akiitamka msibani ataumiza watu.

Karatasi ni nyembamba. Kwa walioko Tukuyu na mvua zile, pigeni lamineshini kabla ya kuzigawa. Kadi nne kwa kipindi zinatosha. Nilipojaribu nane, maana zilichanganyikana.