Nililipia darasa la sosi, sambusa na chipsi za mgahawani: uzoefu wangu

Kwa miaka mingi Ijumaa jioni kwetu ilikuwa siku ya kununua. Sambusa kumi, chipsi sahani tatu, kuku, na vile vikopo vidogo viwili: sosi ya ukwaju na sosi nyeupe ya kitunguu saumu. Watoto waligombea sosi kuliko kuku. Siku moja nikakaa nikapiga hesabu ya mwezi mzima, nikakuta natoa zaidi ya laki moja kwa vitu ambavyo karibu viungo vyake vyote ninavyo kabatini. Nilikuwa nimeshajaribu kuvipika mwenyewe. Vilikuwa vinalika, lakini havikuwa vile.

Ndipo nikajiunga na darasa la mapishi la WhatsApp. Shilingi 30,000 kwa wiki nne, na 20,000 nyingine kwa anayetaka Jumamosi moja ya kupika ana kwa ana nyumbani kwa mwalimu, hapa hapa Dar es Salaam. Nililipia vyote viwili. Jina la mwalimu sitalitaja. Nataka kusema nilichopata na nisichopata, kwa sababu madarasa ya namna hii yamekuwa mengi na watu wanatuma pesa bila kuuliza kitu.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya sosi, na kwangu wiki hiyo peke yake ilirudisha pesa yote.

Chukua ukwaju. Nilikuwa naloweka, nakamua, natia chumvi, sukari na pilipili, basi. Inatoka nyepesi, ukiiacha dakika kumi maji yanakaa juu na tope chini. Mwalimu alianza na kipimo: ukwaju gramu 200 kwa maji ya moto nusu lita, nusu saa, halafu ukamue kwa mkono. Kisha chujio la waya, na usukume kwa mgongo wa kijiko mpaka kwenye chujio zibaki mbegu na nyuzi tu. Kosa langu lilikuwa hapo. Ukigeuza chujio, chini yake kuna uji mzito umegandamana, wa rangi ya kahawia iliyoiva. Mimi miaka yote nilikuwa nauosha pamoja na chujio. Ule ndio sosi yenyewe! Unaukwangua wote unaurudisha kwenye sufuria, unaongeza tende sita zilizosagwa, chumvi na pilipili mbuzi, unaacha ichemke kwa moto mdogo. Jira unaikaanga kavu pembeni mpaka inukie, unaitwanga, unaitia mwishoni kabisa, maana ikichemka muda mrefu harufu yake inapotea. Ukitaka kujua imeiva, chovya mwiko, pitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ukibaki wazi bila sosi kuteremka kuufunika, epua. Itazidi kuwa nzito ikipoa.

Jambo jingine alilosema, ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu: usipikie ukwaju kwenye sufuria ya alumini. Uchachu wake unaila ile alumini na sosi inabaki na ladha ya chuma. Nilirudia mapishi yaleyale kwenye sufuria ya stili, na tofauti niliisikia ulimini bila kuambiwa na mtu.

Sosi nyeupe ya kitunguu saumu ilinichukua siku tatu. Hii ni mayonizi tu, yenye kitunguu saumu na ndimu nyingi kuliko kawaida. Kiini cha yai ndicho kinachoyashika mafuta na maji ya ndimu visiachane, ila hakiwezi kuyashika mafuta yote kwa mkupuo. Ukimimina kwa pupa, sosi inakatika, unabaki na mafuta yanayoelea na vipunje vya yai. Mara mbili ilinikatikia nikamwaga. Mara ya tatu nikakumbuka alichosema kwenye rekodi: usimwage. Toa kiini kingine kipya, kiweke kwenye bakuli safi, piga, kisha tia ile sosi iliyokatika tone kwa tone kama vile ndiyo mafuta. Nilisimama pale nikiiona inarudi, inakuwa nyeupe, inashikana na mchapo wa kupigia mayai. Nilifurahi mno. Angalizo langu mwenyewe, maana kwenye darasa halikutiliwa mkazo: hili ni yai bichi. Ninatengeneza kidogo, naiweka kwenye friji, na siku ya pili ikipita naimwaga. Mtoto mdogo na mjamzito siwapi.

Sosi ya maziwa, ile ya kumwagia makaroni, nilikuwa naijua. Kikubwa nilichoongeza ni kupima: gramu 30 za siagi na gramu 30 za unga kwa maziwa nusu lita, na kuukaanga unga kwenye siagi kama dakika mbili kabla ya maziwa ili usibaki na ladha ya unga mbichi.

Wiki ya pili ilikuwa chipsi na bhajia. Chipsi za mgahawani zinakaangwa mara mbili, hilo wengi tunalisikia. Nisichokuwa nakijua ni sababu ya kila hatua, kuanzia kuosha. Kiazi kilichokatwa kina wanga juu yake, na usipouosha, nje inakuwa nyekundu kabla ndani hakujaiva. Kwa hiyo unaloweka kwenye maji baridi nusu saa, unachuja, unakausha kwa kitambaa kabisa. Mkaango wa kwanza ni wa moto wa wastani, kiazi kilainike bila kubadilika rangi. Unaitoa ipoe. Mkaango wa pili ni wa moto mkali, dakika mbili tatu. Ile ya kwanza unaweza kuifanya asubuhi, jioni unamalizia tu. Kwa mama anayetoka kazini saa kumi na moja, hili ni jambo kubwa.

Bhajia zilikuwa nzuri pia: kijiko cha unga wa mchele ndani ya unga wa dengu, zinakuwa na ukakamavu unaosikika mdomoni.

Sasa wiki ya tatu, ya vitu vya oveni. Hapa nina malalamiko, na nayasema kwa uzito wake.

Somo lilikuwa pai za nyama za unga wa tabaka, ule ambao siagi inafungwa ndani ya donge, unasukuma, unakunja mara tatu kama barua, unasukuma tena. Ukikunja hivyo mara sita, siagi inakuwa imegawanyika tabaka 729. Zikiingia kwenye oveni yenye moto wa nyuzi 200, maji yaliyomo kwenye siagi na kwenye unga yanageuka mvuke, na mvuke ndio unaonyanyua tabaka moja juu ya jingine. Maelezo hayo aliyatoa vizuri sana. Tatizo ni kwamba ili tabaka zibaki tabaka, siagi lazima iwe baridi, na siagi inayeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35. Ilikuwa Februari. Jikoni kwangu saa nane mchana ni joto hilohilo.

Donge langu la kwanza lilitoa siagi pembeni kwenye mkunjo wa pili. La pili hivyohivyo. Siagi si ya bei rahisi, jamani. Nikauliza kwenye kundi. Tulikuwa watu zaidi ya 150, swali langu likapandiwa na picha za mikate ya watu na salamu za asubuhi. Nilijibiwa baada ya siku nne, kwa maneno mawili: "tumia friji". Siku ya Jumamosi nilipofika kwa mwalimu ndipo nikaona kwamba jiko analorekodia lina kiyoyozi. Simlaumu kwa kuwa nacho. Lakini wanafunzi wengi hatuna, na somo zima lilifundishwa kana kwamba sote tuko kwenye baridi ile.

Vilevile vipimo vya wiki hiyo vilikuwa vya vikombe, baada ya wiki mbili za gramu. Kikombe kipi? Changu cha chai kinaingia mililita 200, cha kupimia kilichouzwa dukani ni 250. Kwenye ugali haidhuru. Kwenye pai inadhuru sana. Na oveni yake ni ya umeme yenye namba za joto. Yangu ni ya gesi, moto uko chini, na namba zake zimefutika zamani. Ilibidi nitoe elfu kumi na tano kununua kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni.

Nilifanikiwa mwishowe kwa njia yangu. Naamka saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijatoka, na baada ya kila mkunjo donge linakaa kwenye friji dakika 30. Pai zinapanda, zinachambuka. Ila njia hiyo niliitafuta mwenyewe, na pesa ya kuifundishwa nilikuwa nimeshalipa.

Wiki ya nne, ya vitu vya pembeni, ilipita haraka: mchicha wa nazi, maharage ya nazi, kachumbari, kabichi ya mayonizi. Kwa aliyekulia Pwani si mengi mapya. Somo la tui lilikuwa zuri kwa wenzetu wa bara: tui jepesi ndilo la kupikia, zito linaingia mwishoni kwa moto mdogo huku unakoroga, likichemka kwa nguvu linakatika.

Jumamosi ndiyo iliyonikonga moyo. Tulikuwa wanawake saba na kijana mmoja anayetaka kufungua kibanda. Mwalimu ni mtu mzima, mwenyeji wa Tanga; tulimwamkia, tukavishwa kanga, tukaanza manda za sambusa.

Donge linakuwa gumu kidogo kuliko la chapati. Unakata vidonge vya ukubwa wa ndimu, unasukuma kila kimoja kifike ukubwa wa kisosi. Unapaka mafuta juu, unanyunyiza unga, unabandika kingine, mpaka vinne. Cha juu hakipakwi. Kisha unasukuma vyote vinne kwa pamoja, taratibu, ukigeuza, mpaka duara jembamba lienee chuma cha chapati. Moto mdogo, bila mafuta. Mimi mkono ulikuwa unawasha kugeuza. "Acha kuigusagusa, mwanangu," akaniambia. "Subiri." Baada ya muda kidogo upande mmoja ukavimba, mvuke ukachungulia pembeni. Akanishika mkono, tukageuza pamoja, halafu akaiweka kwenye kibao na kuniambia nianze kubandua ikiwa bado ya moto. Nikashika ncha kwa kucha. Ikaachia. Manda nne, nyembamba, ukiinua unaona kivuli cha vidole nyuma yake. Unakata kila moja vipande vinne, na unazifunika kwa kitambaa chenye unyevu zisikauke. Marundo mawili ni sambusa 32.

Nyama lazima iwe kavu kabisa, na vitunguu vinaingia ukishaepua, ili visitoe maji ndani ya sambusa. Ndimu hali kadhalika. Rekodi ya video ilikuwa imesema yote haya, nilikuwa nimeitazama mara tatu, na bado manda zangu za nyumbani zilikuwa zinachanika. Mkono wa mtu juu ya mkono wangu ndio ulionionyesha ni wakati gani wa kugeuza.

Leo sambusa 32 za nyama zinanigharimu kama shilingi elfu kumi, na sosi zote mbili ziko kwenye friji tangu Alhamisi. Ijumaa hatununui tena.

Kama unafikiria kulipia darasa la aina hii, uliza kwanza kundi lina watu wangapi na nani anajibu maswali. Uliza vipimo ni vya gramu au vikombe. Uliza mwalimu anatumia oveni gani, na umwambie yako ni ipi. Mwalimu mwenye nia njema hatachukia maswali hayo.

Awamu mpya inafunguliwa mwezi ujao kwa bei ileile, na mdogo wangu ameniuliza ajiunge au asijiunge. Nimemwambia sosi na chipsi nitamfundisha mwenyewe, aje Jumapili. Yeye alipie ile Jumamosi tu, na aende na kibao chake.