Fundi wa laptopu Kariakoo: USB nzima, kaniambia mazabodi (bodi kuu ya laptopu) imekufa

Niwatendee haki kwanza: duka hili liliwahi kunibadilishia kioo cha laptopu na kazi ilikuwa safi. Ndiyo maana juzi juzi USB zilipogoma nikarudi kwao. Nikichomeka printa, Windows inadai kifaa hakitambuliki. Fleshi, vilevile. Na mimi naendesha steshenari, wateja wamesimama wanasubiri nakala za vyeti.

Fundi akapuliza tundu kwa mdomo, akachungulia, akatamka: "Mazabodi imekufa hii. Laki mbili na nusu." Mashine hata hajaiwasha! Nikaiwasha mwenyewe, nikachomeka maus, taa yake nyekundu ikawaka pale pale mezani kwake. Nikamwambia, kaka, hebu tazama, umeme si unafika? Akanijibu mbele ya watu, "Dada, fundi hapa ni nani, mimi au wewe?" Wenzake wakaangua kicheko. Taa inawaka, yeye anatazama barabarani. Kisha akanidai elfu kumi ya kupima. Amepima nini?

Aliyenitoa ni kijana wa steshenari ya jirani. Aliingia kwenye orodha ya vifaa ndani ya Windows, akashuka hadi sehemu ya USB, akafuta vidhibiti vyote vilivyoorodheshwa pale, kisha akazima na kuwasha upya. Windows ikavirudisha yenyewe. (Ukijaribu, tumia padi ya laptopu, maana maus ya USB inakata hadi mashine iwake tena.) Akamalizia kwa kutoa ile tiki inayoruhusu kompyuta kuzima USB ili kubana matumizi ya umeme. Printa ikaanza kunguruma. Mazabodi ni ile ile waliyosema imekufa, na hadi leo inachapa.

Nilikaa chini nikiwa na nia ya kuwapa nyota tatu. Kwa vioo wanajua kazi, siwezi kukataa, na huenda siku ile nilimkuta fundi mgeni. Lakini ugeni haumzuii mtu kutazama taa! Angekuwa mwanafunzi wa chuo pale, si angeuza simu yake alipie bodi ambayo haina tatizo lolote? Hapana. Nyota moja, na kioo kikipasuka tena napeleka kwingine. Ile elfu kumi ya kupima nataka nirudishiwe, na nitaifuata dukani.