Longonot kabla ya mvua za vuli: upandaji mzuri, vumbi la kukera

Kwa anayetoka Nairobi na kurudi siku hiyo hiyo, Mlima Longonot wenye mita 2,776 unashinda vilima vya Ngong kwa kitu kimoja: kreta, yaani shimo kubwa la volkano kileleni. Chini yake kuna msitu mzima, na ukisimama ukingoni unaona vilele vya miti kwa juu.

Kutoka langoni hadi ukingoni ni kilomita 3.1, na kuzunguka kreta ni 7.2. Jumla ni kama 13.4, saa tano au sita kwa mwendo wa kawaida. Panda matatu ya Naivasha inayopita Mai Mahiu, si ya barabara ya juu, kisha bodaboda hadi langoni. Lipia kiingilio kwenye eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, ukiwa bado na mtandao mzuri. Pesa taslimu hazipokelewi.

Septemba na mwanzo wa Oktoba njia huwa kavu, na hapo ndipo tatizo. Udongo ni majivu ya volkano, laini kama unga, na maji ya mvua zilizopita yamechimba mifereji mirefu katikati ya njia. Wengi huteleza wakishuka, si wakipanda, hasa wenye raba zilizolika soli. Kanyaga kando ya mfereji, hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea kidogo. Kifundo kikiteguka upande wa mbali wa kreta, hakuna njia ya mkato.

Kivuli ni haba. Beba lita tatu za maji kila mtu, na uanze saa moja asubuhi.